Kikombe Juu ya Boneti

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta kwenye kiti chako cha barazani, miwani ikiwa puani na si mfukoni, na presha ikiwa imetulia. Kama haijatulia, meza kwanza kidonge cha asubuhi, kisha uendelee kusoma. Mimi ni mzima. Mafua ya mtaa mzima yanapita kwenye duka langu la dawa, lakini mimi mwenyewe hayajanigusa. Msalimie sana Mama, na umwambie yale matone ya macho asiyaweke karibu na jiko.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu nimeijaribu, Baba. Kila nikikaribia jambo lenyewe unaniuliza kama nimekula, na kabla sijajibu unasema mama yako huyu hapa, ongea naye. Ndiyo maana nimempa Kaka karatasi hizi akukabidhi mkononi, na nimemwonya asizifungue, maana namjua.

Jambo lenyewe ni gari langu. Najua umeshakunja uso. Vumilia.

Nilipoinunua ile BMW uliizunguka mara moja, ukalipiga teke gurudumu la nyuma, ukauliza mbele ya watu kwa nini msichana aliyesoma anunue gari lililomzidi umri. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu ukitania wewe sisi sote hucheka. Sikukujibu. Nakujibu sasa. Nilipokuwa mdogo, mkikaa sebuleni kwa Baba Mdogo mkibishana, mimi nilikuwa nakwenda kukaa ndani ya gari lake, la aina hii hii, lenye taa mbili mbili za duara. Dashibodi yake imeelekezwa kwa dereva kidogo, kana kwamba gari linakuuliza wewe peke yako mnakwenda wapi. Nilikuwa mtoto wa kukaa kimya, unakumbuka, mlikuwa mnaniita Bubu. Mule ndani hakuna aliyenidai maneno. Na Baba Mdogo alipoliwasha, zile silinda sita zilizopangwa mstari mmoja zilianza kuzunguka kwa utulivu ambao sijausikia kwa binadamu yeyote wa ukoo wetu.

Kwa hiyo halikuwa wazimu wa siku moja. Nilinunua nikijua ninachonunua. Najua gari la umri huo plastiki zake hukauka, mipira hupasuka, gasketi huvuja, bushi huisha. Wenye magari haya hatungoji kitu kivunjike. Tunakibadilisha kingali kinafanya kazi, na ndiyo maana mlikuwa mnaniona kila Jumapili nimelala chini ya gari, Mama akilalamikia nywele zangu. Kila tone la oili lililoanguka kwenye sakafu yako nilijua limetoka wapi.

Halafu ikaja siku ile mpira wa maji ulipopasuka barabarani. Nilizima injini pale pale, kabla mshale wa joto haujafika juu, na mpira mpya nilikuwa nimeshauagiza. Haikuwa ajali, Baba. Ilikuwa ni kitu cha kungoja kwa utulivu kando ya barabara. Lakini ulikuja na pikapu yako, ile inayotoa moshi hadi watu wanapisha wakidhani kuna nyumba inaungua, ukanifunga kamba, ukanivuta hadi nyumbani huku ukisema kupitia dirishani kwamba hili gari litaniua. Pikapu yako ikikohoa, gari langu zima likiburutwa nyuma kama mbuzi aliyeiba. Nilinyamaza siku ile pia.

Nilipokwenda kwenye kozi nilikuachia ufunguo. Nilikuomba kitu kimoja tu, uwe unaliwasha mara moja kwa wiki ili betri isife. Niliporudi, nilikuwa bado niko getini na begi begani, nikaona kabla sijaambiwa. Pua ya gari ilikuwa imeinuka. Gari lilikuwa limekaa kama mtu anayenusa kitu kibaya. Injini yangu ni nzito, Baba, na springi za mbele zilitengenezwa kuibeba. Pua ikiinuka maana yake mzigo wake haupo.

Mlikuwa mmejipanga mstari pale uani, wewe, Mama, Kaka na fundi wako mnayemwita Bingwa. Ukanikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Ukasema umenitolea ile injini ya mashaka na kunitilia injini ya gari dogo la kawaida, ambayo spea zake zinapatikana kila kona, na sasa utalala usingizi. Mama akapiga makofi. Bingwa akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi kutoka mfukoni mwake, kwamba sasa nina gari.

Nami nikasema ahsante, Baba.

Hilo ndilo linaloniunguza kifua hadi leo. Kabla ya kunifanyia upasuaji huo ulimuuliza Bingwa, ukamuuliza jirani, ukamuuliza hata mwenye duka la matairi. Mimi mwenye gari, ambaye nilikuwa napatikana kwa simu kila jioni, uliniuliza kama nimekula. Baba, wewe humeza vidonge vyangu bila hata kusoma kilichoandikwa kwenye pakiti. Nikisema kimoja, unameza kimoja. Nikisema acha chumvi, unaacha, walau mbele yangu. Moyo wako umeniamini. Ni kwa mpira wa maji tu ndipo ulipoona niko mdogo mno?

Niliendesha kwenda kwangu siku hiyo na kioo cha kutazamia nyuma kilitetemeka hadi magari yote yaliyonifuata yakawa na taa nne. Mshale wa joto umekufa. Mshale wa mizunguko ya injini umelala chini kama umezimia. Nilipofungua boneti nikakuta mabano ya kushikilia injini yamechomelewa ovyo, waya wa feni umefungwa na kipande cha mfuko wa nailoni, na nafasi tupu mbele ambapo mtu mwembamba angeweza kusimama. Nilikaa pale kwenye maegesho nikalia. Sioni haya kukuambia. Haikuwa kilio cha chuma. Nililia kwa sababu kitu pekee nilichokichagua bila kumuuliza mtu kilikuwa kimesahihishwa kama daftari la mtoto.

Kesho yake nikaenda gereji kwa Bingwa. Unajua injini yangu ilikuwa wapi? Ilikuwa imelazwa juu ya tairi pembeni ya lango, imetandikwa gunia, na wateja wawili wameikalia wakinywa chai. Kikombe cha mmoja kilikuwa kimewekwa juu ya kifuniko cha valvu, kile nilichokisugua kwa mswaki Jumapili nzima. Nikawaomba wainuke. Bingwa akaja akifuta mikono, akaniambia dada, hicho ni chuma chakavu, mzee mwenyewe kaniachia. Nikamwambia mzee ameachia kisicho chake. Akacheka, akasema ningekuja na shemeji tungeelewana haraka. Nikamjibu kwamba shemeji yake huyo hajazaliwa bado, na hata akizaliwa leo itabidi angoje hadi ajue kushika spana. Wale wanywa chai wakashangilia. Kilichoendelea baada ya hapo nitakieleza, lakini kwanza nataka ukumbuke asubuhi ile ya kliniki ya macho.

Ulikaa mbele pamoja nami. Mama na Baba Mdogo walikaa nyuma. Tulipokuwa tunamsubiri Mama avae viatu, nililiacha gari likinguruma uani, nawe ukamwita Baba Mdogo aje asikie. Ukamwambia asikilize vizuri. Ukamuuliza anasikia nini. Kisha ukakiweka kikombe chako cha chai, kimejaa, juu ya boneti, ukarudi nyuma hatua moja na kukunja mikono. Chai haikucheza. Haikutikisika hata ukingoni. Ukasema hiyo ndiyo injini, si yale makopo yenu ya zamani, ukamwambia Baba Mdogo kwamba na lile lake lililolala bandani chini ya turubai dawa yake ni hiyo hiyo. Kutwa nzima hukuwa na hadithi nyingine. Hata daktari wa macho alisimuliwa.

Baba Mdogo alijibu kama anavyojibu siku zote, kwamba kaka ukishasema wewe, basi imekwisha.

Sasa juzi Mama kaniambia kwamba Bingwa anakwenda Jumamosi kwa Baba Mdogo kung'oa injini. Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana siwezi tena kuwa Bubu.

Baba, kaa vizuri. Injini uliyoiwekea kikombe siku ile ni injini yangu. Ni ile ile ya mashaka. Siku nilipowainua wale watu juu yake, sikutoka gerejini hadi Bingwa aliponiahidi kuirudisha mahali pake, nami nikamsimamia kila jioni baada ya kazi, hadi boliti ya mwisho. Mabano yake yote nilimfanya ayakate. Alikuwa akinung'unika kwamba mzee akijua atamfungia lango, nikamwambia mzee hatajua, kwa sababu mzee hajawahi kufungua boneti ile hata siku moja. Na kweli hukuifungua. Uliisifu injini ambayo hukuiangalia, na ukailaani nyingine ambayo pia hukuiangalia, na sisi sote tukaitikia.

Siandiki kuomba msamaha kwa hilo. Gari ni langu. Ninachokiona kibaya ni ule ukimya wangu pale kikombe kiliposimama, maana sasa unamgharimu mwingine. Na kuna jambo jingine ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa unatazama chai. Baba Mdogo alifumba macho. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko wewe. Tulipofika kliniki na wewe ukamshika Mama mkono, aliniegemea akanibana bega, akaninong'oneza kwamba sita zote zinaimba vizuri. Alijua, Baba. Alijua tangu pale uani. Ni mtu aliyeishi na sauti hiyo nusu ya maisha yake. Lakini atamwacha Bingwa aje Jumamosi, atamshikia hata tochi, kuliko kukuambia wewe kaka yake kwamba umekosea, au kuniumbua mimi. Yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu, na bado anafanya nilichofanya mimi pale getini. Tunakupenda namna hiyo, na ni namna mbaya. Nimechoka nayo.

Mzuie Bingwa. Mpigie wewe mwenyewe, kwa sababu simu yangu ataona ni ya mtoto. Gari la Baba Mdogo linahitaji mipira, radieta isafishwe, oili mpya, na mtu wa kulala chini yake Jumapili chache. Mtu huyo ninaye. Ukitaka, njoo usimame karibu nikuonyeshe komeo la boneti lilipo. Boneti yake hufungukia mbele, kinyume na unavyodhani, na ukishaiona mara moja hutaisahau.

Ile injini uliyoninunulia ipo kwangu stoo, nimeisafisha na kuifunika. Haina kosa lolote, ilipelekwa tu mahali pasipo pake. Nimepima, nimesoma, nimeuliza, na ninajua kwa hakika kwamba inaingia kwenye pikapu yako bila kuchomelea hata bano moja, na ule moshi utakwisha. Ningeweza kungoja usafiri, nikampa Bingwa kazi hiyo kimyakimya, ukarudi ukatukuta tumejipanga uani tunapiga makofi.

Lakini ni gari lako, Baba. Kwa hiyo nakuuliza. Tuiweke?

Nisalimie nyumbani wote, na umpe Baba Mdogo heshima zangu za pekee. Usisahau kidonge cha jioni. Nitangoja jibu lako, na nitafurahi zaidi likija kwa maandishi, kutoka kwako na si kupitia kwa Mama.

Ni mimi mwanao,
Bubu