Jani la Kufunikia

Jumatatu, 4 Machi 1991
Wataalamu wa dawa za asili wamerudi Dar na mafurushi yao. Mama mkwe kawapa matawi ya dawa yake ya mkanda wa jeshi, wakapime kama inaviweza virusi vya Ukimwi. Kinyambo chake nilitafsiri mimi, hadi koo likakauka. Mume wangu Telesfori alisimama mlangoni na shati linalompwaya — zamani lilimbana! Damu yake ilipimwa Januari, anavyo. Lakini vidonda vya ubavuni vimekauka tangu anywe ile dawa. Yangu sijapima. Naogopa.

Ijumaa, 10 Mei
Barua! Yale majani hayana kitu. Jumatatu watapita hapa Nyabiyonza mara ya mwisho, kama tuna dawa nyingine tuiandae. Nikamsomea mama mkwe. Akacheka! Eti aliwapa jani la kufunikia, lile analosaga pamoja na dawa ili anayechungulia chungu asijue ipi ni ipi. Hasira zikanipanda. Nikamwambia, mama, watu wanazikwa kila wiki, Xaveria wako tumemzika, bado unaficha? Xaveria ndiye binti aliyepaswa kurithi siri ya mti wa dawa. Mkwe haonyeshwi, ndio mila ya ukoo wao. Miaka kumi na mmoja namchotea maji, bado mimi mgeni.

Jumamosi, 11 Mei
Kaniita jikoni. Kesho tukitoka misani atanionyesha mti wenyewe. Kasema nisimwambie mtu wa ukoo. Nimefurahi hadi naona aibu.

Jumapili, 12 Mei
Misani hatukwenda. Tumemkuta mama sakafuni, mdomo umepinda, upande wa kulia umekufa. Hasemi. Telesfori kalia kama mtoto.

Jumatatu, 13 Mei
Chungu kitupu tangu jana. Telesfori anasema ubavu unawaka tena. Toka alfajiri nazunguka mgombani na vichakani, nachuma kila jani ninaloliona. Nikamshika mama mkono wa kushoto: nikileta lenyewe, niminye.

La kwanza — kaminya! Nikapiga vigelegele peke yangu. Nikaleta la pili, kuhakikisha tu. Kaminya. La tatu, kaminya, macho yananitazama vizuri kabisa. Basi nikachana kipande cha jani la mgomba, nikamwonyesha.

Kaminya.

Gari la wataalamu linaguruma bondeni, linapanda. Telesfori anauliza kutoka chumbani kama dawa imechemka. Nimemjibu bado kidogo.