Nilivyokiziba Chumba cha Gaudensi

Jumatatu, 8 Julai

Leo nimeziba chumba cha sita cha wafanyakazi wanaojenga kiwanda. Vinakuja kwenye lori vipande vipande: sakafu, kuta, paa. Mafundi wanaunga kwa bolti, mimi napita nyuma yao na gundi ya silikoni, naziba kila kiungo. Sisimizi hapiti. Fomani kasema kazi yangu haina kasoro. Nimefurahi, sitajifanya.

Baridi ya kuua. Upepo wa Ufipa hauna adabu. Hita za vyumbani hazijafika, kila siku kesho. Gaudensi wangu kahamia chumba cha pili na rafiki yake Kizito. Sisi wanawake wa kambi bado tuko hemani. Mume chumba cha paneli, mke hema! Haya. Angalau nimekiziba mwenyewe. Nyumbani kwetu Malangali kuna uwazi kati ya ukuta na bati, miaka yote namlilia auzibe. Wapi.

Jumatano, 10 Julai

Gaudensi kaamka kichwa kinamgonga, katapika chai yote. Kizito vilevile. Chumba cha nne mtu kaanguka mlangoni. Wanasema kiwanda hiki kinajengwa juu ya makaburi ya zamani na wenyewe wameudhika. Mimi naenda misa, hayo siyataki. Ila nimeogopa.

Ijumaa, 12 Julai

Sasa wananitazama mimi. Wanaoumwa ni wa vyumba nilivyomaliza tu. Wa hemani wazima. Leo nimefika kwenye foleni ya ugali, mazungumzo yakakatika. Bi Zaituni mpishi, mtu wa Kirando, hana siri. "Mwenzangu, wanasema mkono wako si bure. Nao wanasema lisemwalo lipo."

Mimi si mchawi. Lakini huku ukishatajwa, nani atakuuliza? Naogopa watu, na zaidi namwogopea Gaudensi. Macho mekundu, anaongea polepole kama mlevi. Nimemwambia twende nyumbani. Kasema kazi amwachie nani.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeingia chumba cha pili kuchukua nguo zake nifue. Chini ya kitanda, jiko la mkaa. Majivu bado yana joto. Chini ya mlango wamesokomeza gunia. Nikatazama viungo vyangu, vyeupe, vimenyooka.

Kila jioni akimaliza kupika Bi Zaituni anawagawia makaa, kwa huruma tu. Nyumbani nasi tunaingiza jiko ndani kila Julai na hatujawahi kuumwa. Ule uwazi wa juu unatoa hewa mbaya. Humu itokee wapi? Kumbe walisema kweli. Ni mkono wangu.

Nimemweleza fomani. Kasema majiko ni marufuku kambini, kwa hiyo hayapo. Nimemweleza Gaudensi, kacheka. Eti moshi umeshaisha, kaa jekundu lina neno gani? Sikio la kufa!

Walipokwenda kula nimechukua kisu. Nimechomoa silikoni ya juu chumba cha pili mpaka nikaona mwanga, nikaenda cha tatu. Nalia huku nachomoa. Fomani kanikuta cha nne. Naharibu mali, kasema, kesho kutwa nifungashe. Nitaondoka na mume wangu, si vinginevyo.

Jumatatu, 15 Julai

Hospitali, mjini.

Jana baridi ilizidi. Gaudensi na mwenzake wakaziba nyufa nilizofungua kwa matambara. Matambara! Leo asubuhi kengele ya kazi imelia, mlango wa chumba cha pili haukufunguka. Nimevunja dirisha kwa nyundo. Gaudensi alikuwa sakafuni, karibu na mlango. Waliokuwa wakinisema ndio walionisaidia kuwabeba mpaka nje kwenye majani. Gaudensi kakohoa. Kizito hakukohoa.

Fomani katuleta kwa gari lake.

Gaudensi hajafumbua macho. Ee Mungu, usinichukulie.

Jumapili, 21 Julai

Nyumbani. Kizito tulimzika Jumatano, kwao Kate. Gaudensi kapewa ruhusa juzi. Anatembea kwa kushika ukuta, na majina mengine yanampotea. La Kizito halimpotei. Nasikia hita zimefika. Bi Zaituni alikuja kututazama, akaishia kulia, nami nikalia naye. Sina la kumlaumu.

Leo nimetoka misa nikamkuta Gaudensi uani, amekaa na ndoo, anakanda udongo. Anataka kuziba ule uwazi wa chini ya bati. "Umeningoja sana, mama," kasema.

Nimeumwaga udongo kwenye bustani ya mboga. Nimemrudisha kitandani, nikamwongezea blanketi la pili. Amelala sasa. Upepo unaingia juu, nimekaa karibu naye, namsikia akipumua.