Bia ya Mabungo Kule Shanzu

Mtopanga, Kisauni,
Mombasa.
15 Agosti 1994

Mpendwa Kaka Stambuli,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nakuru, wewe na Wifi Nduku na watoto. Kifua chako kimekaaje na baridi ya huko? Wifi akuchemshie tangawizi, nawe uinywe kweli, maana nakujua kwa kumwaga dawa dirishani. Sisi huku hatujambo. Mama magoti bado yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Jana kagombana na muuza samaki mpaka wateja wengine wakaahirisha kununua.

Upande wa jikoni tumeuezeka upya, hauvuji tena. Mabungo mwaka huu yamejaa kila mahali, watoto wana midomo ya manjano kutwa.

Ni kwa habari ya hayo mabungo ndiyo nakuandikia. Ukicheka, cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Unajua bado niko jikoni katika ile hoteli ya Shanzu, iliyojengwa pale penye minazi aliyokuwa akiigema Baba. Mwaka huu wamemleta Mjerumani mmoja, Dieter, fundi wa kutengeneza bia. Ni mtu mpole, hana makuu. Wamempa chumba nyuma ya stoo, na mapipa yake ya chuma yanayong'aa. Alipoonja pombe yetu ya mnazi, kisha juisi ya ukwaju na ya mabungo anazotengeneza Mwanasaumu, yule jirani yetu wa zamani, akasema lazima apike bia chachu ya matunda yenye ladha ya pwani. Tukamwona jua limemwingia kichwani.

Ijumaa mchana akatuita tuonje: mimi, Mwangi wa baa, na Mwanasaumu, ambaye hanywi lakini alitaka kujua mabungo yake yamefanywa nini. Mimi nimeokoka, unajua, ila nilijiambia funda moja la kazini si ulevi.

Ilikuwa ya manjano, yenye povu jembamba, baridi mpaka gilasi inatoka jasho. Funda la kwanza lilinikaza taya. Ukaja uchachu, yakafuata mabungo, na kwa mbali utamu wa mnazi wa asubuhi. Halafu, kaka, ukaja moshi. Moshi wa makumbi ya nazi. Nywele zilinisimama. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiifukiza mboko yake, kile kibuyu cha kugemea, kwa makumbi kabla ya kutia mnazi, na kutumbukiza kokwa za mabungo ili uchachuke upesi? Wagema wenzake walikuwa wakimcheka. Kisauni nzima hapakuwa na mwingine aliyefanya vile.

Nikawauliza wenzangu kama wanausikia ule moshi.

“Moshi gani?” Mwangi akasema. “Mimi sisikii moshi wowote. Hii imeharibika tu, kama maziwa.”

Mwanasaumu alinusa gilasi, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. “Wallahi, Dhahabu, hii ni harufu ya mzee wenu. Hivi hivi ndivyo alivyokuwa akinuka akipita mlangoni petu.”

Nilimuuliza Dieter makumbi ameyachomea wapi. Akashangaa, akasema hajawasha moto wowote wa makumbi. Kisha akaishika gilasi yake, akaigonga kwa ukucha, akaiweka sikioni, akasikiliza, ndipo akanywa. Zaidi ya Baba, nani mwingine umewahi kumwona akisikiliza kinywaji kabla ya kukinywa? Nikakaa juu ya kreti la soda.

Akanieleza bila wasiwasi kuwa kuna mzee humjia mchana, jua likiwa utosini, wakati sisi wote tumeshughulika na chakula cha wageni. Hutokea upande wa minazi. Ndiye aliyemfundisha kutia kokwa, ndiye aliyemfundisha kusikiliza. Kidole gumba cha kushoto hakina ncha, kama kilivyokuwa cha Baba. Dieter alidhani ni mzazi wa mmoja wetu. Anampenda kwa ucheshi wake, ila kila akimkaribisha bia, mzee hukataa. Husema hawezi kunywa kwa kuwa hajamwagiwa, na anayepaswa kummwagia ni mwanawe mkubwa.

Nilikwenda kwa askari wa getini. Anasema hajamwona mzee wa namna hiyo akiingia wala akitoka.

Kaka, sikulaumu, najua kazi haikupi nafasi. Lakini tangu Baba aanguke mnazini akafa, koma yake, ule mti wa kumkumbuka marehemu, haijasimamishwa. Wewe ndiye kifungua mimba. Mti ule hakuna mwingine wa kuuchomeka ardhini, wala wa kumwaga mnazi wa kwanza juu yake. Mimi nilikuwa nikisema mambo ya koma ni ya zamani, kanisa limetutoa huko. Siku hizi nimenyamaza. Ile bia niliinywa bila kumwaga hata tone chini, na tangu hapo kila ninachokunywa kina moshi, hata chai ya kanisani. Naogopa, na sioni haya kusema.

Nilimuuliza Dieter mzee atarudi lini, nimngoje. Akasema hajui. Mara ya mwisho mzee alitaka kujua Nakuru iko wapi na mtu huendaje. Dieter, kwa wema wake, akamweleza vizuri: apande gari la moshi mpaka Nairobi, kisha atafute basi. Mzee alimshukuru sana. Tangu ajibiwe hajaonekana tena.

Kwa hiyo nakimbilia posta sasa hivi, huenda barua hii ikamtangulia.

Mama anakusalimu sana, sijamwambia neno. Mwanasaumu naye anakusalimu na kukuombea. Wabusu watoto. Wifi Nduku mpe salamu zangu, umwambie akimwona mlangoni mzee mwenye gumba fupi, asimfukuze, wala asimpe kitu cha kunywa. Amwekee kiti, akungoje wewe. Ukifika umwage kwanza chini, ndipo mzungumze.

Kisha mje nyumbani, nyote wawili.

Mungu awafunike kwa mkono wake njiani.

Mdogo wako akupendaye na kukungoja,
Dhahabu