Kofia ya Saa Kumi na Moja Jioni

Mpendwa Babu,

Najua hutaisoma barua hii. Kiswahili chako chote kinaenea kwenye kiganja: maji, samaki, pole pole, kesho. Uliyaokota maneno hayo bandarini Mombasa enzi za ujana wako, meli yenu ya jodari ilipotia nanga ili itengenezwe, na kila fundi uliyemuuliza itakuwa tayari lini alikujibu neno moja tu. Kesho. Ulinisimulia kisa hicho kwa Kiingereza chako cha melini, ukicheka mpaka meno ya bandia yanataka kukuhama. Na kwa kuwa mimi ni Mkenya, ukaniita Mombasa. Nilikwambia mara ngapi kwamba naitwa Nafula, kwetu ni Bungoma, na bahari niliiona kwa mara ya kwanza hapa hapa Doha nikiwa mtu mzima? Ulitikisa kichwa kwa adabu zote, halafu ukasema, "Sawa. Mombasa, chai."

Naiandika hadharani kwa sababu nina jambo linalonikaba, na wewe si wa kuambiwa peke yako. Huenda barua ikapita mikono mingi ikamfikia mwanao. Ikimfikia, asome polepole.

Alipokuleta hapa ulikuwa umefiwa na Bibi, na majirani wa mji wenu, mbali kabisa na Tokyo, walikuwa wamekukuta shambani kwenye upepo, unamwagilia maji kabichi zilizokwisha kuvunwa. Mwanao ni injinia, ana moyo mzuri, wala sitamsema vibaya. Alikuwekea chumba kwenye fleti yake Al Sadd, na kiyoyozi, na televisheni kubwa, na mimi. Siku ya kwanza ulinitazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa, ukauliza bahari iko upande gani. Nikaonyesha nilikodhani ipo. Ukachungulia dirishani, ukaona majengo, ukanitazama tena kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. Nilijua tangu hapo kwamba tutaelewana.

Mji wako nimeujua kwenye meza ya jikoni. Nilikuwa nikitoka sokoni na mifuko, kabla sijafungua friji wewe umeshachukua vitu unavipanga. Kabichi ilikuwa kilima cha nyuma ya nyumba yenu. Figili nyeupe ile ndefu ilikuwa gati, na vitunguu vilikuwa boti zinazorudi na ngisi alfajiri. Limau lilikuwa shule, na ukalivingirisha mpaka sakafuni ukaniambia imefungwa, watoto wameisha. Kwetu mtu ni mkulima au ni mvuvi. Kwenu, uliniambia, mtu ni vyote viwili kabla ya chakula cha mchana: baharini kungali giza, shambani jua likipanda, na barabara ni moja, hivyo lori la kabichi na lori la samaki husubiriana kwenye taa za barabarani na madereva wakasalimiana kwa honi. Hata kabichi zenu zina chumvi kidogo, kwa sababu mawimbi yakipiga miamba yanarusha maji mpaka shambani. Nilikuuliza, hapo ni kijiji au mji? Ukasema serikali iliunganisha vijiji kadhaa ikaviita mji, ili watu wazee wajisikie wengi.

Ulinifundisha na adabu ya kabichi. Kwenu jirani akivuna hakugongei mlango. Anakuwekea kabichi kizingitini, kaifunga kamba, anakwenda zake. Hakuna salamu, hakuna jina. Unamjua kwa fundo lake. Ulichukua kamba ya mfuko wangu ukanionyesha fundo la jirani yako wa upande wa kilimani, la kulegea, na lako wewe, la baharia, ambalo nilishindwa kulifungua na hatimaye nikakata kwa kisu. Ulicheka siku nzima. Mimi nilinuna kidogo, nisidanganye, maana mfuko wenyewe ulikuwa mzuri.

Lakini lile kubwa lilikuwa la saa kumi na moja. Mjini kwenu kuna nguzo zenye vipaza sauti, kuanzia gatini mpaka mashamba ya juu. Ikifika saa kumi na moja jioni vinapiga muziki taratibu, mji mzima unasikia. Watoto wanaacha mchezo, wakulima wanang'oa buti kwenye udongo, na kila mtu anarudi kwake. Ulisema Bibi hakuwahi kukuita kula hata siku moja katika maisha yenu, kwa sababu muziki ulikuwa umeshakuita.

Sasa mimi hayo sikuyajua mwanzoni. Nilichokijua ni kwamba kila magharibi, adhana ikianza msikiti wa nyuma ya jengo, wewe unainuka. Adhana ya adhuhuri ilikuwa haikushughulishi, jua bado liko juu. Ila ile ya kuchwea, mwanga ukiwa mwekundu kwenye vioo, ulizima televisheni, ukachukua kofia yako ya nyasi, ukavaa viatu pale mlangoni, ukashika kitasa. "Mombasa, tunarudi nyumbani." Nami nilifunga mlango kwa ufunguo kama nilivyoagizwa, nikakubembeleza, nawe ukanisukuma, siku nyingine ukalia. Daktari alisema ndio ugonjwa wenyewe wa kusahau, wazee wengi huhangaika jioni, akaongeza vidonge.

Aliyeniamsha akili ni Swaleh, mlinzi wa pale chini, yule mtu wa Likoni ambaye ulikuwa ukimwinamia naye anakuinamia mpaka nachoka kusubiri. Nilimlalamikia siku moja kwamba Babu ananitoa roho kila jioni.

"Anataka nini?" akauliza.

"Kutoka. Adhana ikilia tu, kofia kichwani."

"Sasa wewe wamfungia ya nini? Mtu kaitwa, kaitika. Mteremshe mzee, dadangu."

Jioni ile nikafungua mlango. Tulishuka, wewe na kofia yako, ukatembea kama mtu anayejua aendako. Tulipita kwa fundi cherehani, tukapita kwa yule anayeuza chai ya karak, tukafika kwenye kona, ukasimama. Uliitazama barabara kushoto na kulia. Ukanusa. Kisha ukasema kwa utulivu kabisa, "Si hapa." Na ukanieleza yote, vipaza sauti na buti na Bibi, pale pale kwenye joto, magari yakitupigia honi. Nikaelewa kwamba hukuwa umepotea, Babu. Ulikuwa unajua ni saa ngapi. Ulichokosea ni mji.

Nikasema, "Kesho, Babu."

Ukanitazama, ukaanza kucheka. "Kesho, kesho. Mombasa hawabadiliki!"

Tangu hapo tukawa na safari yetu. Adhana, kofia, viatu, lifti, kona, si hapa, kesho, na karak moja moja tukirudi. Vidonge nilimwambia daktari vipunguzwe na vikapunguzwa. Ukawa unakula vizuri, unalala. Na siku moja akili yako ikiwa imetakata kama kioo, ukinimenyea chungwa, uliniambia jambo ambalo sikuliomba. Ulisema hutaki kikubwa. Unataka tu kurudi kwenye nyumba yako, na siku ya mwisho isikukute kwenye jengo lenye lifti. Nilimfikishia mwanao. Akafuta miwani, akasema, "Mji ule unakwisha, Nafula. Nani atamwangalia?" Swali la haki.

Halafu kazi yake hapa ikafika mwisho. Akaniita sebuleni akaniambia wanarudi. "Tunampeleka baba nyumbani," akasema, kwa maneno hayo hayo. Babu, nilipiga vigelegele. Mkwe wako Emi alishtuka akaangusha kijiko. Nilikufulia kofia kwa mswaki, nikakupigia viatu rangi. Siku ya safari adhana haikuwa hata imelia na wewe umeshasimama mlangoni. Uliniuliza kwa macho tu, kama kawaida yetu, nami kwa mara ya kwanza nikakujibu tofauti. "Leo, Babu. Leo." Hukucheka. Ulinishika mkono kwa mikono yako yote miwili, ukainama, ukachelewa kuinuka. Swaleh alijifanya vumbi limemwingia jichoni.

Niliishi na furaha hiyo kwa miezi. Nimepata kazi nyingine, namtunza mama mmoja Al Mansoura, na chumba nakaa Najma na wasichana wenzangu wa nyumbani. Nikiwa napakua wali nilikuwa nakuona uko kwenye kona yako ya kweli, unafungua fundo la jirani. Mpaka Emi aliponitumia picha. Umekaa kwenye kiti, umechanwa nywele vizuri, blanketi magotini. Nyuma yako dirisha refu, na dirishani mawingu. Akaandika: baba yuko kwenye nyumba ya wazee Tokyo, pazuri sana, karibu na kwetu, ghorofa za juu. Ametulia. Hahangaiki tena jioni.

Nilisoma hilo neno, ametulia, nikaurudia ujumbe wote. Ghorofa za juu. Basi kuna lifti.

Nimekasirika, Babu, na sijui nimkasirikie nani. Mwanao anakutembelea kila Jumapili na maua. Mimi mwenyewe baba yangu ananipigia simu kutoka Bungoma ananiuliza naja lini, na ninamjibu neno lile lile la mafundi wako. Lakini mimi ndiye niliyekwambia leo. Nilikwambia nilichoambiwa, ila ni mdomo wangu uliosema, na wewe uliamini mdomo wangu.

Ijumaa iliyopita, siku yangu ya mapumziko, Emi akanipigia kwa video akiwa chumbani mwako. Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema huli. Wanakulisha unafumba mdomo. Huinuki kitini. "Nafula, jioni ulikuwa unamfanyia nini huko Doha?" Nikamweleza vyote, kona na karak na vipaza sauti. Hakuwa akijua, saa zile alikuwa bado kazini. Alizaliwa Tokyo, mji wenu amefika mara chache tu. Akaniambia alikwenda huko majuzi na mwanao kuitazama nyumba kabla ya kuiuza, na kizingitini wamekuta kabichi, nyingine zimeoza, nyingine mbichi kabisa, wakashindwa kuelewa ni uchafu wa nani. Alikuwa amezipiga picha. Niliikuza picha hiyo kwa vidole. Fundo la kulegea, Babu. Jirani yako wa kilimani bado anakungoja.

Tukiwa tunaongea hivyo, msikiti wa mtaani kwetu ukaadhini. Adhuhuri yetu huku, huko kwenu jua linazama. Sikufikiri sana. Nilisukuma dirisha, nikainyoosha simu nje, na misikiti mingine ya Najma ikaitikia mmoja baada ya mwingine.

Niliporudisha simu usoni, Emi alikuwa analia na wewe ulikuwa umesimama. Ulipapasa kichwani, hakuna kofia. Wameihifadhi kabatini na vitu vyako vingine, Emi akasema. Ukaenda hivyo hivyo mpaka mlangoni ukashika kitasa, na kitasa chenyewe hakifunguki bila namba. Ukageuka ukaniona kwenye simu mkononi mwa Emi. Ulininyooshea kidole.

"Mombasa," ukasema. Kisha, kama mtu anayeuliza, wala si kutania, "Kesho?"

Babu, sikuweza. Neno hilo nimelitumia nawe jioni zote zile, na lile jingine, leo, nimeshalitumia mara moja likatuumiza wote wawili. Emi akaniuliza umesema nini, neno hilo maana yake nini. Nikamwambia, "Anauliza nyumbani anarudi lini. Mimi siwezi kumjibu. Mjibuni nyinyi."

Akakata simu, au ilikatika. Hajanipigia tena.

Kwa hiyo mwanao, kama umefika hapa: nyumba bado haijauzwa. Kofia iko kabatini. Sijui nani atamwangalia, ila najua yupo mtu mmoja anayemletea kabichi hata pasipo na wa kuzila, na wewe huyo hujamuuliza. Anza naye.

Nawe Babu wangu, nakuaga hapa, jua la Doha likiwa linakwenda na msikiti wa mtaani ukikaribia kuita. Simama karibu na mlango. Usivue viatu.

Mimi wako,
Mombasa, wa Bungoma