Hadithi Inayorudi Nyuma

Bertrams, Johannesburg, Septemba 2019

Dada yangu Léocadie,

Barua hii anakuletea Victoire wa kanisani kwetu. Mkaribishe ndani, naye atakaa karibu nawe mpaka umalize kusoma.

Huku baridi inaisha, na goti langu limetulia kidogo. Uliniuliza habari za yule mwandishi wa Poland ambaye mwanao Thierry humtaja kila akikupigia simu. Aliitwa Warecki. Alikimbia vita, akafia ugenini akiwa mfua mashuka ya hoteli. Hadithi zake huanza kaburini, kisha hurudi nyuma hadi siku marehemu alipozaliwa. Thierry naye akaanza kuandika hivyo, hapo hapo kwenye cherehani yake katika karakana ya ushonaji huko Doornfontein. Nilimweleza kwamba msomaji lazima aandaliwe kwanza. Akacheka: "Eish, Mjomba! Wewe hata nyumba ikiungua utaanza kwa kuwasalimu wenye nyumba!"

Kweli, dada, nimekusalimu vya kutosha. Sasa acha niandike kama yeye.

Thierry tumemzika Jumanne. Kabla ya hapo, watu waliokuwa wakiwasaka wageni walimpiga hadi kufa mlangoni mwa karakana. Kabla ya hapo alikunywa chai kwangu, akalalamika haina sukari. Kabla ya hapo alishuka basi na begi moja, akiniuliza vitabu vinauzwa wapi. Na kabla ya hayo yote amelala mgongoni mwako, huko Uvira, nawe unatwanga majani ya sombe polepole ili usimwamshe.

Kaka yako,
Octave