Sauti Iliyoganda

Mabawa, Tanga
10 Juni 1956

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Sisi hapa Mabawa tu wazima, wasiwasi wetu ni mguu wako. Uvimbe umepungua? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka juu ya kabati kama ya mwaka jana? Mjukuu na somo wako, Mwanasiti mdogo, hajambo, ananyonya mpaka mgongo unaniuma. Usingizi nimeusahau ulivyo.

Mama, mkweo Uweso ameleta santuri. Karani mmoja wa shamba la mkonge alikuwa anarudi kwao, akaiuza kwa bei ya kutupa pamoja na fungu la sahani kuukuu za nyimbo. Ndani ilikuwa inalia kama panya, lakini ukiitia ufunguo inazunguka. Kazi ilikuwa kuiweka. Meza yetu unaijua, mguu mmoja mfupi. Mtu akipita tu, sindano inaruka. Tukatia kibao, ikazidi. Mwisho nikakipindua kinu, nikaiweka juu ya kitako chake, ikatulia tuli. Mavyaa alipoona akasema, "Kinu cha kutwangia umekifanya kiti cha ngoma." Unamjua mama yake Uweso, neno lake moja halina la pili.

Uweso alipokuwa akitoka kwenda karakana ya reli akaniambia, "Itie mafuta kidogo ile mashine ya ndani, imekauka." Nikaitia. Tangu hapo kelele zimekwisha.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Katika zile sahani iko moja, karatasi yake ya katikati imechubuka lakini jina linasomeka: Mwanasiti binti Zubeiri, Moa. Niliipiga adhuhuri, niko peke yangu na mtoto. Ni sauti ya msichana.

Mkadi nimeupanda, wanukia kwa jirani.

Mama, sikuwahi kukusikia ukiimba maneno. Ulikuwa ukitubembeleza kwa kuvuma tu, kama nyuki. Lakini ule uvumaji naujua hata nikiwa usingizini. Ni wewe?

Arobaini ya mtoto ni Jumamosi ya tarehe 23. Njoo, na kama mguu utakataa, basi nijibu.

Mwanao,
Mastura


Mabawa, Tanga
26 Juni 1956

Kwa mama yangu,

Shikamoo. Hali yako? Mguu je? Kila basi la Moa likifika namuuliza utingo, ananiambia hana barua. Sijui umeugua au umenikasirikia. Kama hukuwa umekasirika, leo utakasirika, na ni haki yako.

Arobaini imepita. Usiku ule mvua ilinyesha na upepo wa kusi, tukaamka kwa baridi. Maulidi yakasomwa asubuhi na mapema, mtoto akanyolewa, halafu wanawake wakabaki uani wanakunywa kahawa. Wifi yangu akasema, "Mama Mwanasiti, hiyo santuri ni pambo, au imefunga saumu?"

Nikafikiri, mama yangu hayupo, lakini sauti yake ipo. Niliazimia ikiisha niseme mbele ya mavyaa na majirani wote kwamba huyo mliyemsikia ndiye aliyenizaa. Nikaiweka sahani yako juu, nikatia ufunguo mpaka ukagoma.

Mama, ilitoka sauti ya mzee. Nzito, inajikokota, kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. "Mkaaadi..." Ikasimama. Nikaisukuma kwa kidole, ikanguruma tena neno moja, ikafa. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja akasema, "Huyu hakupanda mkadi, kapanda mnazi, na keshaugema." Kicheko kikaanza upya.

Mavyaa hakucheka. Akamwambia wifi amsomee ile karatasi. Wifi akasoma jina. Mavyaa akanigeukia. "Hilo si jina la mjukuu wangu? Na nyie kwenu si Moa? Ni nani huyu?"

Nikasema, "Majina hufanana, mama."

Ndivyo nilivyosema. Sikusukumwa na mtu. Mtoto mwenye jina lako nilikuwa nimempakata, ananyonya. Niliogopa kile kicheko kisije kikahamia kwangu, basi nikakuacha wewe nacho. Tangu siku ile nikimwita mtoto kwa jina lake naona kama nimeliiba mahali.

Sikuombi uniambie si kitu. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na watu.

Mwanao,
Mastura


Moa
Alhamisi, mfungo pili 1375

Mwanangu Mastura,

Marahaba. Mguu umepungua, naukanyaga. Barua zako mbili zimenifikia kwa pamoja. Nilikuwa shamba nikivuna mpunga, na yule utingo aliyechukua ya kwanza aliitia ndani ya kofia akaisahau. Kwa hiyo usiseme nilinyamaza kwa hasira. Hasira imeanza leo.

Ni mimi. Nilikuwa mwari, sijaolewa. Walikuja watu wa sahani Mombasa, mjomba wangu akanipeleka, nikaimba ndani ya bomba nisimwone ninayemwimbia. Baadaye sahani zikafika madukani. Babu yako, mwalimu wa chuo cha Kurani, akaambiwa kwamba sauti ya binti yake inapigwa mkahawani na wanaume wanaitikia. Hakunipiga. Aliacha kula chakula nilichopika. Watoto njiani wakaniita Bi Santuri. Nikawa siendi kisimani mpaka nijigubike, na bado walinijua kwa mwendo.

Baba yako alinioa kwa sharti moja, nisiimbe tena, nami nilishukuru kwamba yuko aliyenitaka. Sharti nililishika. Kuvuma si kuimba, ndiyo maana niliwavumia.

Kwa hiyo uliposema majina hufanana hukusema jipya. Jamaa zangu walisema hivyo hivyo zamani, wakiulizwa. Ila wao sikuwazaa.

Kuja Tanga siji. Mtoto mpake mafuta kwa niaba yangu.

Na neno moja tu la mwisho. Sauti yangu haikuwa ya mlevi. Umetia mafuta gani? Chupa yangu ya mafuta ya nywele asubuhi hii ni nyeupe tupu, nachimba kwa kijiti. Kama ulitia ya nazi, adhuhuri yatakwenda, lakini asubuhi ya kusi yatashika kama uji uliolala.

Mama yako


Mabawa, Tanga
8 Julai 1956

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia unaukanyaga mguu. Mtoto alikuwa na mafua, sasa yamekwisha. Mimi macho yamevimba, lakini hiyo si ya kukuarifu.

Ni ya nazi, mama. Uweso alisema mafuta, na katika nyumba hii mafuta ni ya nazi, ya taa tunayaita ya taa. Nilipomwambia akakaa chini kabisa. "Mke wangu, ulitaka kuilainisha au kuikaanga?" Nikacheka, halafu nikalia, akaacha utani.

Nimeifungua kwa kisu cha jikoni. Yale meno ya ndani yalikuwa yameshikana kwa ukoko mweupe. Nikayasugua kwa kitambaa na mafuta ya taa, nikayaacha yakauke, kisha nikaomba kwa jirani mshonaji matone ya mafuta ya cherehani, nikayapaka kwa unyoya wa kuku. Sindano nazo zilikuwa zimekufa, zinaichimba sahani yako mpaka inatoa vumbi la kijivu, na mpya hatuziwezi. Uweso akaniletea miiba ya mkonge, ile ya kwenye ncha ya jani. Niliianika, nikauchonga mmoja mwembamba, nikauchomeka mahali pa sindano. Sauti imekuwa ndogo kidogo, lakini haikwaruzi. Jana alfajiri, baridi ipo, uliimba mpaka mwisho. Msichana, si mzee.

Santuri imepona. Mimi bado. Nakaa na mavyaa jikoni tunachambua mchele, naona aibu hata kumtazama, na yeye hajui kwa nini.

Mama, nimekosa, na sitajitetea. Lakini nakwambia kwa adabu, usiniagize kumpaka mtoto mafuta kwa niaba yako. Mikono unayo. Kosa ni langu, si la mtoto, asilipie yeye.

Jumamosi nitawaita walewale, asubuhi ileile, niwaambie. Lakini jina ni lako. Kama hutaki, leta neno kwa basi la Alhamisi, nami sitafungua mdomo. Lisipokuja, nitajua umeniachia.

Mwanao,
Mastura


Mabawa, Tanga
15 Julai 1956

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Alhamisi nilisimama kituoni na mtoto mgongoni mpaka mzigo wa mwisho ukashushwa. Utingo alivua kofia mwenyewe akanionyesha, hamna kitu. Nikarudi nyumbani.

Jana wamekuja. Wifi akaanza, "Leo mlevi wetu keshaamka?" Nikamwambia angoje. Sikupiga kwanza. Nilisema kwanza, maana nilijua nikipiga kwanza nitajificha nyuma ya sauti yako. Nikasema, "Sahani ya siku ile ni ya mama yangu. Mavyaa aliniuliza, nikamwambia uongo."

Nikachomeka mwiba, mara ya kwanza nikakosa tundu.

Uliimba, mama. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja aliinuka katikati akavuta kanga, akasema ameacha chungu motoni. Chungu gani saa ile, sijui. Alikwenda, na uso uliniwaka, lakini sikuiondoa sahani. Mavyaa alikuwa anatazama kinu tu. Ilipokwisha akasema, "Geuza."

Nikasema, "Upande wa pili sijaupiga. Namwekea mwenyewe."

Kisha akasema, "Ulimkana mama yako, na somo wake yuko kifuani kwako. Mwanangu mimi akinikana hivyo..." Hakumaliza. Ingekuwa nafuu angenitukana. Nililia mbele ya wale wanawake wote, na mtoto naye akaanza. Mavyaa akamchukua, akamsikiliza kidogo. "Ndiyo maana huyu analia kwa mahadhi," akasema. Wifi akaficha uso kwenye kanga, mabega yanamtikisika.

Walipoondoka akaniita chumbani kwake. Haya ni maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza: "Mwandikie mkwe wangu. Mwanamke kuimba sauti ikauzwa, mimi silipendi, nisimfiche. Lakini mwenye jina sharti aje amwone mwenye jina."

Mimi sina la kuongeza. Sijui kama kunyamaza kwako kulikuwa ruhusa au kulikuwa mlango umefungwa. Nimefanya nilivyofanya. Kinu bado kimepinduliwa, mpunga tunatwangia kwa jirani.

Mwanao,
Mastura


Moa
Siku ya tatu ya Idi Kubwa, 1375

Mwanangu,

Marahaba. Idi tumeila salama.

Neno la Alhamisi niliandika. Niliandika kwamba usithubutu. Nikaenda nalo mpaka kituoni, utingo akanyoosha mkono, nikamwambia nimekuja kuulizia nauli tu. Akanitajia. Nimerudi nalo, nikawashia moto.

Liko jambo sikukwambia. Ile sahani sijapata kuisikia. Kwetu hapakuwa na santuri, na penye santuri nisingeweza kupita. Nilijifunika kanga miaka yote ile kwa kitu nilichokisikia kwa midomo ya watu tu. Ulipoandika "sauti ya msichana", nilimwita binti wa jirani anisomee tena mahali hapo, nikasingizia kwamba macho hayaoni vizuri. Macho yangu hayana kitu.

Mwambie mkwe wangu nimesikia yote mawili, asilolipenda na alilolitaka. Nakuja na basi la Jumanne. Santuri iache palepale kinuni. Uipige asubuhi, kungali baridi, nione kama itashika. Miiba nimekata mwenyewe, nimeichagua. Mafuta ya nazi naleta, ni ya mtoto, na nitampaka mimi. Usiyasogeze karibu na mashine.

Upande wa pili usiupige mpaka nifike. Ule niliuimba nikicheka, mjomba akanikonyeza nirudie, nikakataa.

Mama yako,
Bi Santuri