Kidevu cha Rebeka

Morogoro, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Miguu inaendeleaje? Mimi mzima. Nadhiri zangu za utawa ni Agosti. Shirika letu huzitamka kwa Kihispania, basi Mama Mkuu, Madre Pilar, ananifundisha mwenyewe. Ananiwekea kiganja chini ya kidevu, nami natamka. Kidevu kikishuka, hiyo ni silabi. O-be-dien-cia, yaani utii, kinashuka mara nne. Kisha anagonga meza penye mkazo. Ana subira kama mzazi.

Binti yako,
Rebeka

Likombe, 20 Machi 2024

Mwanangu,

Milele amina. Miguu imevimba, lakini natembea. Nimekaa barazani nimejishika kidevu nikisema hayo maneno yako, hadi jirani Mwanaidi akaniuliza kama jino linauma. Nikwambie ukweli, nina wivu. Kidevu hicho nilikishika mimi nikikunywesha uji, unatema, nafuta. Huyo Madre alikuwa wapi? Tena paroko ameniambia Madre maana yake ni mama. Mama unaye, yuko Likombe.

Mama yako mzazi

Morogoro, 14 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Usikasirike, hicho ni cheo tu. Barua yako nilimsomea Madre, akacheka mpaka machozi.

Rebeka

Morogoro, 30 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Hujanijibu tangu Aprili. Nisamehe, sikupaswa kumsomea. Pobreza, yaani umaskini, nalipatia, maana mkazo wake unakaa kama wa maneno yetu. Castidad, yaani useja, mkazo wake unaangukia mwisho kabisa, nami kila siku naurudisha nyuma. Madre amechoka kugonga meza. Anasema ulimi wangu bado uko kwako.

Siku ya nadhiri mzazi ndiye humshika binti mkono, akampeleka altareni na kumkabidhi kwa Mama Mkuu. Baba hayupo. Usipokuja, nani atanipeleka?

Mwanao,
Rebeka

Likombe, 12 Julai 2024

Mwanangu Rebeka,

Sijambo. Nilinuna, na bado sijamaliza. Ila hilo la ulimi limenifurahisha, nimemwambia Mwanaidi mara mbili. Umaskini nao ungeniuliza mimi, usingehitaji Kihispania.

Nitakuja. Nakuletea korosho nzima nzima. Madre atapata zilizovunjika. Nitakushika mkono mpaka altareni kama wanavyotaka. Kuuachia, hilo sikuahidi. Mwambie ajiandae kuvuta.

Mama yako